Kulisoma Bonde la Sabaki kwa Mwaka Mmoja: Mwongozo Kamili wa Daftari la Mimea na Wanyama, Kutoka Darajani Hadi Baharini

Mgeni wa Malindi humtambui kwa mavazi, humtambua kwa swali: "Mbona bahari yenu ina rangi ya chai ya maziwa?" Jibu fupi ni kwamba huo ni mto. Jibu refu linahitaji daftari.

Maji ya Sabaki huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, yakiitwa Athi. Huteremka kando ya Yatta, ule ulimi wa mawe ya volkano wenye urefu wa karibu kilomita 300, na ndani ya Tsavo hukutana na Mto Tsavo unaotoka upande wa Kilimanjaro. Hapo hubadilika jina na kuwa Galana, na yakifika kwetu ni Sabaki. Safari nzima ni kama kilomita 390, na Kenya ni Tana peke yake unaoushinda mto huu kwa urefu. Udongo wote uliobebwa huko juu hutua mlangoni petu, kilomita chache kaskazini mwa mji.

Miaka yangu miwili ya mwanzo niliipoteza kwa kutafuta wanyama. Nilikuwa natoka alfajiri kumtafuta kiboko, nikimkosa narudi nyumbani naandika "leo hapana kitu." Kurasa hizo bado ninazo na zinanitia uchungu, maana sikuandika maji yalikuwa wapi, upepo ulitoka wapi, wala mto ulikuwa na rangi gani. Kwa hiyo shikilia hili moja kabla ya hatua zote: anza na maji. Mti, kaa, kiboko na ndege aliyetoka Siberia, kila mmoja yuko pale ulipomkuta kwa sababu maji ya mto, ya mvua au ya bahari yamemweka pale.

Hatua ya 1: Chagua vituo vitatu, vidogo

Usijitwike bonde zima. Chukua sehemu tatu, kila moja uweze kuizunguka kabla chai haijapoa. Mimi nina moja karibu na daraja la barabara ya Lamu, penye matete na mashamba ya mahindi, ya pili kwenye michu (miti inayoota kwenye maji ya chumvi) na tope, na ya tatu kwenye fungu la mchanga ambapo mto unaingia baharini. Rudi palepale kila mara. Aliyekwenda mahali pamoja mara thelathini atayaona ambayo aliyekwenda mahali thelathini mara moja moja hatayaona.

Kabla ya kushuka mara ya kwanza, zungumza na wavuvi au vijana wanaotembeza wageni mlangoni mwa mto. Watakuonyesha njia zilizo imara na tope linalomeza mguu hadi gotini, na pia viboko walikolala wiki hiyo na mamba alikoonekana mara ya mwisho. Kiboko huota jua amelala kama gogo na mtu humchukulia poa. Mwenye hatari hasa ni yule aliye nchi kavu ukasimama kati yake na maji. Usiende peke yako, usiingie kwenye matete, na usioge mtoni hata jua liwe kali vipi.

Hatua ya 2: Jua saa za maji

Hapa ndipo wengi huona uvivu, na hapa ndipo kazi yote ilipo.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari hufanya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikapita mita tatu. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake. Pwani yetu siku za bamvua zina mpangilio ambao ukiushika hutahitaji jedwali: maji hujaa kuelekea saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa kuelekea saa nne au saa tano, ya asubuhi na ya usiku.

Yaani siku moja ya bamvua inakupa vipindi vitatu. Alfajiri ni ya nyayo, saa nne ni ya tope na kaa, saa kumi alasiri ni ya ndege. Nitavieleza kimoja kimoja. Kwa sasa, chukua kalenda ya ukutani na uzungushie duara kila bamvua ya mwaka mzima. Hizo ndizo siku zako za kazi, mbili kwa mwezi. Siku nyingine ukienda ni hiari yako.

Andika na upepo, maana ndio unaoamua tope la mto liende wapi. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, tope husukumwa kusini, likaingia ghuba ya Malindi hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari. Wakati wa kusi husukumwa kaskazini, Mambrui na kuendelea hadi Ghuba ya Ungwana. Ndiyo maana mvua za vuli zikinyesha sana huko bara, watu wa Malindi huziona kwa rangi ya bahari hata kama kwao hapajadondoka tone.

Hatua ya 3: Tengeneza daftari

Nunua daftari la jalada gumu na penseli mbili. Kalamu ya wino iache nyumbani. Nilipoteza Aprili nzima kwa sababu ya wino: nilivuka kijito maji yakiwa mguuni, nikasahau saa, nikarudi yakiwa kifuani. Daftari lilikauka, lakini maandishi yalikuwa yameyeyuka na kuwa wingu la buluu.

Andika ukurasa wa kulia tu. Wa kushoto uache mtupu, sababu itakuja mwishoni.

Usigawe mwaka kwa miezi. Wazee wetu wa pwani, mabaharia na wakulima, walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, yaani siku ya mwaka mpya, kwa miongo, siku kumi kumi: miongo 36, na siku tano za ziada. Kwa kazi hii sijaona kipimo bora. Mwezi ni mrefu mno, ndege huja na kuondoka ndani yake bila daftari kujua, na wiki ni fupi mno kwa mtu mwenye shughuli zake. Basi kila mwongo upe ukurasa mmoja. (Mwongo wa siku, si mwongo wa maneno, ingawa huyo naye utakutana naye ukianza kuuliza watu urefu wa mamba.)

Kila unapofika, andika kwa mpangilio huu usiobadilika: tarehe, mwezi umefika siku ya ngapi, saa, na maji yanajaa au yapwa, upepo, rangi ya mto, nilichokiona kwa macho, nilichosikia, nilichoambiwa na nani. Mbili za mwisho zitenge na ile ya kuona. Ukizichanganya, mwaka ukiisha hutajua kama nguchiro ulimwona wewe au alisimuliwa na dereva wa bodaboda.

Ukurasa mmoja uliokamilika huwa hivi: "Mwezi 15. Saa 4.20 asubuhi, yapwa. Kusi hafifu. Mto kahawia mzito, magogo yapita. Michuni: kaa wa gando moja wengi, upande wa jua tu. Yangeyange 6. Mzee wa nyavu asema juzi maji yalikuwa matamu hadi fungu la pili."

Neno "matamu" hapo lina thamani kuliko orodha ya ndege kumi. Linasema mto umeisukuma bahari, na siku mbili tatu baadaye utaona kwenye tope ni viumbe gani walioliweza na gani walioshindwa.

Hatua ya 4: Chupa ya tope

Kazi hii hata mtoto wa darasa la nne ataiweza. Tafuta chupa ya maji iliyo wazi, ile ile kila safari. Ijaze mtoni karibu na daraja, mahali pamoja, ukiwa umesimama pakavu na kuiteremsha kwa kamba. Iache nyumbani usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi pima kwa rula unene wa tope lililotua chini, uandike. Fanya hivyo kila bamvua, masika, kiangazi na vuli.

Ukipima mwaka mmoja utakuwa unafanya kwa chupa kile ambacho tumbawe limefanya kwa miaka 300. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, wanasayansi walitoboa tumbawe moja kubwa kongwe. Tumbawe hukua kwa matabaka ya mwaka, kama mti, na maji ya mto yenye udongo huacha ndani yake madini ya bariamu. Matabaka ya zamani yalionyesha bariamu kidogo na ya utulivu, kisha kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 ikapanda. Ndicho kipindi ambacho ardhi ya bara ilianza kufyekwa na kulimwa kwa namna mpya enzi za ukoloni. Shamba lililofyekwa karibu na Machakos limeandikwa kwenye jiwe lililo mbele ya hoteli zetu.

Hatua ya 5: Mimea, ukianzia na ile iliyosimama majini

Nilikuwa naita kila mti wa majini mkoko, hadi mzee mmoja anayetega kaa aliponisikia nikimweleza mwenzangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniambia taratibu: "Mwanangu, huo ni mchu. Mkoko una miguu, mchu una vidole."

Sijapata darasa fupi kuliko hilo. Mkoko husimama kwa mizizi iliyopinda kutoka shinani kama miguu ya buibui. Mchu hutoa vijiti vilivyonyooka juu kutoka kwenye tope, mamia kwa mamia, vya unene wa penseli, ndivyo unavyopumulia. Mlangoni mwa Sabaki utakutana zaidi na mchu, kwa kuwa unavumilia tope jipya na chumvi inayobadilika badilika. Chuma jani moja asubuhi ya kiangazi, ulirambe. Ni chumvi. Mti umeinywa mizizini na kuitema majanini, na ukiinamisha jani kwenye jua utaona chembe zake ziking'aa.

Kenya ina aina tisa za miti hii. Ukitaka kuziona nyingine, mkandaa wenye gome la kutia rangi, mlilana unaosimama mbele kabisa kuelekea bahari, mkomafi wenye tunda kubwa kama mpira, nenda hori la Mida, kusini mwa Malindi, au panda gari la Lamu, ambako kuna zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi. Huko utasikia miti ikitajwa kwa unene kuliko kwa aina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Usikate hata mmoja. Ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932, na ukataji una kibali chake.

Panda juu kidogo. Kwenye vilima vya mchanga kuna mtambaa wenye maua ya zambarau na jani lililopasuka kama kwato ya mbuzi. Ndio unaoushika mchanga usipeperuke. Nyuma yake mvinje. Ukielekea darajani, mkoma, mtende unaogawanyika matawi, ambao watoto hutafuna tunda lake na mama zao husuka miyaa yake. Kisha mkwaju na mbuyu. Mbuyu uuendee wakati wa magharibi unapochanua, kwa kawaida karibu na mvua za vuli: ua jeupe la ukubwa wa kiganja hufunguka jua likizama, hunuka kidogo, na popo walao matunda huja kulinywa na kulichavusha. Kesho yake liko chini. Mathenge, ule mti wa miiba, nao upo. Uandike ulipofika kila mwaka, na uvae kiatu kigumu, maana mwiba wake hupenya kandambili.

Hatua ya 6: Saa nne asubuhi, kaa chini ya mchu

Maji yakiwa yametoka, tandika gunia kwenye tope lililo imara na ukae bila kujitikisa dakika tano, ukiangalia saa. Dakika ya kwanza utaona matundu tu. Ya pili, macho mawili juu ya vijiti. Ya tatu wanatoka wote.

Dume wa kaa hawa ana gando moja kubwa karibu sawa na mwili wake, na jingine dogo. Hulipungia lile kubwa juu chini kama mtu anayeita matatu, jike akipita hupunga kwa kasi zaidi. Lakini kwa kula halimfai kitu. Hula kwa lile dogo tu, akichota tope, akichuja chakula mdomoni na kutema kidonge cha mchanga pembeni. Jike ana madogo mawili, hula kwa mikono miwili, na kwa macho yangu hushiba mapema. Hesabu matundu ndani ya mraba wa hatua moja kwa moja, kila bamvua, mahali palepale. Namba hiyo ikishuka, rudi kwenye ukurasa wa chupa uone mto ulileta nini.

Hapo hapo utawaona tondo, konokono wa topeni, wakitambaa juu ya majani yaliyooza, na yule samaki mdogo mwenye macho juu ya kichwa anayeruka juu ya tope kama chura.

Nilichomeka pia kijiti chenye alama kupima tope linavyopanda. Cha kwanza kilipotea, nadhani kiliishia kuwa kuni chini ya samaki wa kuchoma wa mtu. Cha pili nilikiweka cha chuma.

Hatua ya 7: Alfajiri, usome nyayo

Siku ya bamvua bahari hujaa saa kumi alfajiri na kufuta mchanga wote wa chini kama ubao wa mwalimu. Ukifika saa kumi na mbili, kila unyayo ulio chini ya mstari wa takataka za bahari umeachwa ndani ya saa mbili zilizopita. Ulio juu ya mstari ni wa usiku mzima au wa jana. Hakuna siku nyingine utakayoweza kusoma saa ya mnyama kwa uhakika huo.

Kiboko ana vidole vinne vipana, na njia yake hutoka majini moja kwa moja hadi majani mabichi, mara nyingi kupitia mahindi ya mtu. Kenge huacha mstari wa mkia uliopindapinda kati ya kucha. Mamba naye huburuta mkia, ila mfereji wake ni mnene na tumbo huonekana limeugusa mchanga. Ukiukuta mbichi, ondoka ukingoni kwanza, andika baadaye. Njia pana kama tairi la trekta inayopanda kutoka baharini na kurudi ni ya kasa aliyekuja kutaga. Hiyo usiikanyage wala kuifukua. Wajulishe walinzi wa wanyamapori.

Weka rula kando ya unyayo unapopiga picha. Picha isiyo na kipimo itakufanya ubishane na watu bure.

Hatua ya 8: Alasiri, hesabu ndege

Maji yakipwa ndege hutawanyika kote na kuwahesabu ni kujichosha. Yakijaa, hukosa pa kusimama na kubanana kwenye fungu. Saa kumi alasiri una bahati mbili: wamekusanyika, na ukitazama mashariki jua liko mgongoni mwako.

Usiwasogelee hadi waruke. Hesabu kumi kwa kidole, uone kumi wanachukua nafasi gani, kisha pima kundi kwa kumi kumi. Andika "kama 240" badala ya "wengi sana."

Mwaka una zamu mbili. Kuanzia Agosti na Septemba wanashuka wageni wa kaskazini, vitwitwi na chamchanga wa kila namna, sululu mwenye mdomo uliopinda, buabua kwa makundi. Miongoni mwao wapo waliozaliwa kwenye nyanda za barafu za Siberia. Kufikia Aprili baadhi yao wamebadili koti, kifua cha kijivu kimekuwa chekundu, nao huondoka. Wakati huohuo anafika mwingine kutoka upande wa pili: ndege mdogo wa kahawia kutoka Madagaska, mrefu wa bawa kama mbayuwayu, mwenye mstari mweupe chini ya jicho. Huzaa kwao na kuja kukaa pwani yetu kuanzia Aprili hadi Septemba, na mlango wa Sabaki ni moja ya sehemu zake kuu. Mchana hujilaza mchangani usimwone hata ukimkanyaga, jioni hupanda angani kukamata wadudu. Mwongo ambao ukurasa wako una wote wawili, chamchanga mwekundu na huyu wa Madagaska, uwekee alama.

Heroe na mwari huja na kuondoka bila adabu ya kalenda, kwa hiyo nao waandike. Kunguru pia. Wengi huwaruka kwa kuwachoka, na hao ndio wanaokula mayai ya wenzao.

Hatua ya 9: Majina

Mvuvi wa Mambrui, Mbajuni na Mgiriama wanaweza kumwita ndege mmoja kwa majina matatu, na wote wakawa sahihi. Andika ulivyosikia, na aliyekuambia ni mtu wa wapi na wa kazi gani. Usimsahihishe mtu. Jina la kisayansi litafute nyumbani, au weka picha kwenye iNaturalist, mtandao ambao watu hutambua viumbe kwa picha, wakusaidie, ila viota na mayai usivitolee mahali kamili.

Mwaka wa pili

Sasa ile kurasa ya kushoto. Ukifika mwongo uleule mwaka unaofuata, andika humo, sambamba na wa mwaka jana. Utaona mara moja nani amechelewa na matundu ya kaa yamepungua au la, bila kupekua. Kwangu, upande wa kulia wa mwongo huu unasema mto ulikuwa mwekundu, kusi kali, ndege wa Madagaska 35. Wa kushoto bado mtupu. Bamvua ni keshokutwa.